Kiti cha Mpangile: Uhaini na Hukumu Zake katika Nyanda za Juu Kusini

Katika makosa yote ambayo mwanadamu aweza kuyatenda dhidi ya wenzake, hapana lililo na jina zito kuliko uhaini. Mwizi huweza kurudisha alichokichukua, na msema uwongo huweza kuungama akasamehewa. Lakini mtu akishatangazwa kuwa haini, jina hilo humfuata mpaka kaburini, na mara nyingi huwafuata hata watoto wake na wajukuu wake. Kwa sababu hiyo yafaa tuliangalie neno lenyewe kwa makini kabla hatujalitumia juu ya mtu yeyote, awe hai au marehemu. Katika insha hii nakusudia kulitazama kwa kuifuata historia ya Nyanda za Juu Kusini, yaani nchi za Iringa na Mbeya, ambako swali la nani ni haini na nani ni mwaminifu limepata kujibiwa kwa namna nyingi zinazopingana. Na zaidi ya yote nataka kumkumbusha msomaji habari za mtu mmoja ambaye hatajwi sana katika masimulizi yetu ya ushujaa. Mtu huyo ni Mpangile, ndugu yake Mtwa Mkwawa.

Neno haini limetujia kutoka Kiarabu, pamoja na neno hiana lililo jamaa yake. Maana yake ya asili ni kuvunja amana: mtu amekukabidhi mali yake, siri yake au nafsi yake, nawe ukamgeuka. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna watu wawili na fungamano baina yao. Pasipo amana hapana hiana. Adui akujiaye waziwazi na mkuki mkononi aweza kuwa katili, lakini hawezi kuwa haini, kwani wewe hukumwamini wala yeye hakukuahidi kitu. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki porini, wala ki ng'ambo ya mto.

Sheria nayo imejengwa juu ya msingi huo huo. Sheria ya kale ya Uingereza ya mwaka 1351 ilihesabu kuwa ni uhaini kupanga kifo cha mfalme au kufanya vita dhidi yake katika nchi yake. Mizizi ya sheria ile ilivuka bahari pamoja na utawala wa Kiingereza, na hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, inapotaja uhaini, humtaja kwanza mtu mwenye wajibu wa utii kwa Jamhuri ya Muungano. Basi utii ndio mlango wa kesi yenyewe. Na utii huo hutoka wapi? Jibu moja lilitolewa katika kesi ya William Joyce, mtu aliyezaliwa Marekani, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitangaza katika redio ya Wajerumani maneno ya kuwavunja moyo Waingereza. Yeye hakuwa raia wa Uingereza kwa haki. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa alikuwa na pasipoti ya Kiingereza, alikuwa chini ya ulinzi wa mfalme, na anayepokea ulinzi hudaiwa utii. Joyce alinyongwa London mwezi Januari mwaka 1946. Tuiweke kanuni hiyo akilini: mwenye kudai utii hana budi kwanza awe ametoa ulinzi. Kwa mizani hiyo hiyo waliyoitunga wakoloni wenyewe, tutaweza kupima matendo yao katika nchi yetu.

Uhehe ya karne ya 19 ilikuwa dola iliyosimama kwa nguvu zake yenyewe. Munyigumba aliziunganisha koo na nchi ndogo ndogo zilizokuwa zimetawanyika, akazitia chini ya utawala mmoja. Na alipofariki, karibu na mwaka 1879, mwanawe Mkwawa aliupata urithi huo baada ya mapigano makali ya kugombea kiti. Mji wake mkuu ulikuwa Kalenga, uliozungushiwa ukuta imara. Neno lilinga, yaani ngome, ndilo lililozaa jina la Iringa.

Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwatia saini watawala katika karatasi wasizozielewa. Mwaka uliofuata Kaisari wa Ujerumani alizipa karatasi hizo hati ya ulinzi, na tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zikakubaliana juu ya mipaka ya maeneo yao. Katika shughuli zote hizo Wahehe hawakuulizwa neno. Walipokuja kusikia kwamba nchi yao imo ndani ya himaya ya Kaisari, waliambiwa na watu waliokuja na mizinga.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Emil von Zelewski liliingia katika mtego huko Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo. Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, walilivamia likiwa katika mwendo, na kwa muda mfupi Zelewski mwenyewe na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wameuawa. Mpangile alikuwa miongoni mwa viongozi wa Wahehe katika vita ile. Habari hiyo yafaa tuikumbuke, kwani mtu tutakayemkuta baadaye ameketi katika kiti alichopewa na Wajerumani hakuwa mwoga, wala hakuwa mtu aliyewapenda wageni tangu mwanzo.

Wajerumani waliwaita Wahehe waasi. Lakini uasi ni kuvunja utii, nao Wahehe hawakuwa wameahidi utii kwa mtu yeyote nje ya nchi yao. Hawakupokea ulinzi wowote, wala hawakuweka amana yoyote. Jina la muasi lilitangulia, na mtawala akalifuata nyuma kwa bunduki ili alitafutie sababu. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana von Schele aliishambulia Kalenga, na tarehe 30 ya mwezi huo ngome ikaanguka. Mkwawa hakukamatwa. Kwa muda wa karibu miaka minne aliendelea kupigana kutoka misituni na milimani, akilindwa na watu wake.

Hapo ndipo Wajerumani walipotambua kwamba kuuvunja ukuta wa mawe si sawa na kuuvunja ukuta wa watu. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, ambaye Waafrika walimwita Bwana Sakarani, alikuja kujenga kituo cha kijeshi mahali ulipo mji wa Iringa wa leo. Vijiji vilivyoshukiwa kumpa Mkwawa chakula viliadhibiwa, na mashamba na ghala vikateketezwa. Pamoja na moto huo Prince alitumia silaha nyingine, nayo ni mgawanyiko. Alitaka apatikane mtawala mwingine wa Uhehe, mtu wa nyumba ile ile ya Munyigumba, ambaye watu wangemfuata wakamwacha Mkwawa peke yake porini.

Mtu huyo akawa Mpangile. Alikuwa amejisalimisha pamoja na baadhi ya wakubwa wa nchi, na mwezi Desemba 1896 Wajerumani walimtawaza kuwa mtawala wa Wahehe. Sababu zilizomfikisha hapo twaweza kuzipima kwa hali ya nchi ilivyokuwa. Njaa ilikuwa imeingia, watu walikuwa wamechoka, na kila siku ya vita ilikuwa na maziko yake. Mtu wa ukoo wa kitawala aliyewaona watu wake katika hali hiyo aliweza kufikiri kwamba ni afadhali kiti kikaliwe na mtoto wa Munyigumba kuliko kukaliwa na mgeni. Aliweza pia kukitamani kiti kwa ajili yake mwenyewe. Na tena aliweza kufikiri kama wafikirivyo wale wasemao mtumikie kafiri upate mradi wako. Mambo haya matatu huweza kukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na historia haina haki ya kumchagulia moja tu.

Kiti kile hakikudumu hata miezi mitatu. Mwezi Februari 1897 Mpangile alishtakiwa kwamba kwa siri alikuwa akimsaidia Mkwawa, ndugu yake, na Wajerumani wakamuua. Msomaji na atue hapa kidogo, aipime hali ya mtu huyu. Kwa wale waliobaki msituni pamoja na Mkwawa, Mpangile alikuwa mtu aliyekwenda kuketi na adui. Kwa Wajerumani alikuwa mtu aliyewageuka waliomweka juu. Mizani mbili zilizopingana kwa kila jambo zilikubaliana juu yake yeye tu.

Wazee wetu wana methali isemayo: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mpangile alikuwa mla na Wajerumani, na alikuwa mzaliwa na Mkwawa. Ikiwa mashtaka ya Wajerumani yalikuwa ya kweli, basi alipoletewa chaguo baina ya mezani na tumboni alilichagua tumbo la mama, na akafa kwa ajili yake. Ikiwa mashtaka yalikuwa ya uongo, basi aliuawa kwa sababu wakubwa wake walishindwa kumpata Mkwawa, wakawa wanahitaji mtu wa kumtupia lawama ya kushindwa kwao. Katika hali zote mbili, kifo chake kinatufundisha thamani ya kiti anachopewa mtu na mtawala wa kigeni. Kiti hicho hakina ulinzi ndani yake. Anayekalia hudaiwa utii wote, na siku ya mashaka hapewi hata nafasi ya mtumishi. Tukiirudia kanuni ile ya kwamba ulinzi ndio unaozaa utii, basi katika jambo la Mpangile deni halikuwa lake. Amana ilivunjwa na aliyeitoa.

Mkwawa naye aliendelea kuwindwa. Mwaka 1898 iliahidiwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta au atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi kilichoongozwa na sajini meja Merkl kilimfikia karibu na Mlambalasi, na kikamkuta amekwisha kufa. Alikuwa amejipiga risasi mwenyewe ili asitiwe mikononi mwa maadui zake. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Iringa. Hata mti wa kunyongea haukumpata. Lakini mwili wake ulipewa adhabu ambayo Ulaya ya kale iliwawekea wahaini, ya kutenganishwa kichwa na kiwiliwili na kunyimwa kaburi zima.

Sasa tuelekee magharibi, upande wa Mbeya, kwani pasipo upande huo picha yetu ingekuwa na kasoro. Wasangu wa ukoo wa Merere walikuwa na dola yao katika bonde la Usangu. Nguvu za Wahehe zilipozidi, Wasangu walifukuzwa kwao, wakahamia Usafwa, wakajenga ngome yao Utengule, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya. Wajerumani walipokuja kupigana na Mkwawa, Wasangu waliungana nao, na mwishowe wakarudishwa katika nchi yao ya asili. Leo wapo watu wanaosoma habari hizo na kusema upesi kwamba Wasangu walikuwa wasaliti. Lakini walimsaliti nani? Katika mwaka 1896 hapakuwa na Tanganyika wala Tanzania. Palikuwapo na watu waliofukuzwa katika mashamba na makaburi ya wazee wao, na aliyewafukuza alikuwa Mhehe, si Mjerumani. Kuwaita wahaini ni kuwadai amana ambayo hawakuwa wamepewa na mtu yeyote.

Na kama tungeng'ang'ania kuhukumu kwa njia hiyo, hukumu isingesimama mahali pamoja. Vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, Wahehe hawakujiunga navyo, na wapiganaji wao walitumika upande wa Wajerumani. Wakati ule ule Wabena wa nchi ya Njombe chini ya Mbeyela waliinuka na kuishambulia misheni ya Yakobi. Hivyo watu waliokuwa mfano wa ukaidi walikuwa wametulia, na majirani zao wakaubeba mzigo. Zamani hizo kila nchi iliangalia majeraha yake. Lililoziunganisha baadaye ni mateso yaliyotoka kwa mtawala mmoja, na kazi ndefu ya kuyageuza mateso hayo yawe umoja.

Katika vita hivyo vya Majimaji neno uhaini lilitumika kama kisu cha mchinjaji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na matumaini, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905 kwa kosa la uhaini. Tarehe 27 Februari 1906, huko Songea, Wangoni wengi wakiwa pamoja na Nkosi Mputa Gama walinyongwa, na baadaye naye Songea Mbano, ambaye mji ule umechukua jina lake, akafuata njia hiyo hiyo. Watu hawa walinyongwa kwa kuivunjia utii serikali iliyowalazimisha kulima pamba pasipo malipo ya haki, ikawatoza kodi na kuwachapa viboko. Leo taifa zima huwakumbuka kuwa ni mashujaa. Maneno ya hati ya hukumu ni yale yale, lakini msomaji wake amebadilika.

Kubadilika huko kulianza kuonekana hata kabla ya uhuru. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246 iliiamuru Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Mataifa makubwa ya dunia, yalipokuwa yakigawana meli, migodi na makoloni, yalilazimika kuandika jina la mtu aliyetangazwa muasi katika milima ya Iringa. Waingereza hawakufanya hivyo kwa mapenzi. Walitaka kuwafurahisha Wahehe na kuwaaibisha Wajerumani. Ahadi yenyewe ililala miaka mingi. Ilikuwa mwaka 1953 Gavana Edward Twining alipokwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako mafuvu ya watu yalikuwa yamepangwa kama mali ya ghala, na akachagua lile lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilirudishwa Kalenga, likapokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Hazikupita wiki tatu, na tarehe 7 Julai TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Na baada ya uhuru mjukuu huyo huyo alikalia kiti cha Spika wa Bunge kuanzia mwaka 1962, akakitumikia kwa miaka mingi. Nyumba iliyoitwa ya waasi ikawa inasimamia mahali zinapotungwa sheria.

Mwezi Januari 1962, Tanganyika ikiwa huru kwa muda wa mwezi mmoja tu, ndege ndogo kutoka Bechuanaland ilitua Mbeya. Ndani yake alikuwamo Nelson Mandela, aliyetoka Afrika Kusini kwa siri. Mtu huyu alikuwa ameshtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, jumla yao wakiwa 156, baada ya kukamatwa mwezi Desemba 1956. Na tarehe 29 Machi 1961 mahakama iliona kwamba hatia haikuthibitika, wale waliokuwa wamebaki kizimbani wakaachiwa. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapwa mwaka 1994, Mandela ameeleza jinsi alivyostaajabu katika hoteli moja ya Mbeya kuwaona watu weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza, jambo ambalo kwao lilikuwa haramu. Serikali ya Makaburu ilimwona haini. Mbeya ilimpokea kama mgeni wa heshima, na kesho yake akaendelea na safari kwenda Dar es Salaam. Utii ambao Makaburu walimdai ulikuwa wa namna ile ile aliyodaiwa Mpangile: utii usio na ulinzi.

Mpaka hapa mambo ni mepesi, kwani ni rahisi kuikosoa hukumu ya mgeni. Mtihani wa kweli huja siku mwenye kuhukumu anapokuwa ni sisi wenyewe. Nchi huru inayo haki ya kujilinda, na raia wake wamepokea ulinzi wake. Kwa hiyo utii unadaiwa kwa haki, na uhaini unaweza kutokea kweli. Kuanzia Juni 1970 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya kwanza ya uhaini katika Tanzania, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mtu aliyetoka visiwa vya Karibi. Mashtaka yalisema kwamba palikuwa na njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri, alitajwa, lakini alikuwa Uingereza. Waliosimama kizimbani walikuwamo Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewaamsha wanawake wa nchi hii wajiunge na TANU tangu mwaka 1955. Shahidi mkuu alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini cha PAC, yaani mmoja wa wale ambao nchi yetu iliwapa makao.

Kesi ilichukua miezi. Ushahidi ulitolewa hadharani, mawakili walibishana, na mmoja wa washtakiwa hakupatikana na hatia. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha mapema mwaka 1971. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Sina nia ya kuifungua upya kesi ile. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba taifa lile lile lililomtia hatiani ndilo lililomrudishia heshima yake, tena halikuhitaji kubadili mtawala kwa mwingine wa kigeni ili liweze kufanya hivyo.

Iringa yenyewe ilitoa funzo jingine katika miaka hiyo hiyo. Siku ya Krismasi mwaka 1971 mkulima mmoja wa Isimani, Saidi Mwamwindi, alimpiga risasi na kumuua Dakta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa, shambani, wakati siasa ya vijiji vya ujamaa ilipokuwa ikisukumwa kwa nguvu katika eneo lile. Mwamwindi aliupeleka mwili mwenyewe kwa polisi. Aliyeuawa alikuwa mwakilishi wa serikali katika mkoa mzima, na hasira ya wakubwa ilikuwa kubwa. Ingekuwa rahisi kulikuza kosa likaitwa vita dhidi ya nchi. Hata hivyo Mwamwindi alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kwa kosa hilo na si kwa jingine. Adhabu yake ilikuwa kifo, lakini jina la haini halikuwekwa juu yake. Huo ndio mpaka ambao sheria njema inapaswa kuulinda: mtu ahukumiwe kwa alichokitenda, na jina kubwa lisiitwe kwa sababu ya hasira kubwa.

Tukiyakusanya yote haya, twapata vipimo ambavyo kila kizazi chapaswa kuwa navyo kabla ya kutamka neno uhaini. Kwanza, ilikuwapo amana ya kweli, iliyowekwa kwa hiari au kwa haki? Pili, mwenye kudai utii alitoa ulinzi? Tatu, ushahidi ulitolewa mbele ya watu, na mshtakiwa akapata nafasi ya kujibu? Na nne, umebakizwa mlango wa rehema? Kwa vipimo hivyo Mkwawa hakuwa haini, Kinjikitile hakuwa, wala Songea Mbano. Na Wasangu wa Utengule hawawezi kuitwa wasaliti wa taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Na Mpangile je? Wapo watakaotaka kumwondoa katika historia kwa sababu alikaa katika kiti cha mgeni, na wapo watakaotaka kumfanya shujaa kamili kwa sababu aliuawa na mgeni huyo huyo. Mimi naona inatupasa tumpokee jinsi alivyokuwa: mtu aliyepigana, akachoka, akakubali, kisha akauawa kwa kushukiwa kwamba moyo wake ulikuwa umebaki kwa ndugu yake. Watu wa namna yake walikuwa wengi katika bara letu wakati wa uvamizi, wengi kuliko kina Mkwawa, na taifa lisilowajua haliwezi kujijua.

Mgeni afikaye Kalenga leo, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, huonyeshwa fuvu la Mkwawa ndani ya sanduku la kioo, naye huinamisha kichwa kwa heshima inayostahili. Mpangile hakuandikiwa ibara katika mkataba wowote, wala gavana hakusafiri kumtafuta. Basi tunapomaliza kulitazama fuvu lile, si vibaya tukakumbuka kwamba mzee Munyigumba alizaa zaidi ya mtoto mmoja, na kwamba mmoja wao alikaa katika kiti kwa muda usiotimia miezi mitatu, akakilipia kwa roho yake.